Faragha ya Mkubwa na Ankara ya Umma

Kila inapofichuka kwamba kiongozi fulani mkubwa amekuwa na hawara, jamii yetu hugawanyika haraka katika makundi mawili. Kundi la kwanza husema kwamba hayo ni mambo yake binafsi, kwamba tulimpa dhamana ya wizara au ya shirika na hatukumpa dhamana ya chumba cha kulala, na kwamba anayechungulia dirisha la mwenzake ana tatizo lake mwenyewe. Kundi la pili husema mzinzi hafai kuongoza, kwa hoja kuwa aliyevunja kiapo alichokula mbele ya mkewe na mbele ya Mungu hawezi kuaminiwa kwa kiapo alichokula mbele ya taifa. Mjadala huwaka kwa siku tatu nne, vijiwe huchangamka, simu hujaa picha, kisha huja jambo jingine na lile la kwanza likasahauliwa bila kujibiwa hata swali moja la maana.

Kwa maoni yangu, makundi yote mawili yanakosea mahali pamoja. Yote yanatazama kitanda, moja likitaka kifunikwe na jingine likitaka kifunuliwe. Swali linalomhusu raia ni jingine kabisa: siri hiyo ilitunzwa kwa gharama ya nani? Mtu wa kawaida mwenye uhusiano wa siri hulipa mwenyewe, kwa fedha yake, kwa muda wake na kwa amani ya nyumba yake. Mkubwa, kwa sababu ya ukubwa huohuo, ana jaribu la kulipia siri yake kwa vitu ambavyo si vyake: gari la ofisi, masurufu ya safari, nafasi za ajira, siri za nchi, na mwisho kabisa neno lake mbele ya umma. Mahali ofisi inapoanza kulipa, faragha hukoma na jambo la umma huanza. Mifano michache ya kweli itasaidia kuonyesha mpaka huo ulipo.

Tuanze na Jenerali David Petraeus wa Marekani. Huyu alikuwa miongoni mwa wanajeshi walioheshimiwa kuliko wote katika kizazi chake. Aliongoza majeshi ya nchi yake Iraq, kisha Afghanistan, na Septemba 2011 akaapishwa kuwa mkurugenzi wa shirika la ujasusi, CIA. Tarehe 9 Novemba 2012, siku tatu tu baada ya Barack Obama kuchaguliwa tena kuwa rais, alijiuzulu akikiri kwamba, baada ya zaidi ya miaka 37 ya ndoa, alikuwa na uhusiano nje ya ndoa na kwamba alionyesha upungufu mkubwa wa busara. Mwanamke aliyehusika, Paula Broadwell, alikuwa mwandishi wa kitabu cha wasifu wake kilichotoka mwanzoni mwa mwaka huohuo.

Kama habari ingeishia hapo, watetezi wa faragha wangekuwa na hoja nzito: mtu amekosa nyumbani kwake, amekiri, ameondoka. Haikuishia hapo. Uchunguzi wa FBI, ulioanza baada ya mwanamke mwingine mkazi wa Florida kulalamika kuhusu barua pepe za bughudha, uliendelea kufukua. Ilibainika kwamba mkuu wa majasusi na mwandishi wake walikuwa wakitumia akaunti moja ya barua pepe na kuachiana ujumbe kwenye rasimu bila kuutuma, ili usiache nyayo. Ikabainika jambo zito zaidi: Agosti 2011 jenerali alimpa mwandishi huyo madaftari manane yenye majalada meusi aliyoyaandika akiwa kamanda Afghanistan. Ndani yake mlikuwa na majina ya maofisa wa siri, mikakati ya vita na kumbukumbu za mazungumzo yake na rais. Wapelelezi walipomuuliza Oktoba 2012, alikana kuwa aliwahi kumpa taarifa za siri. Aprili 2015 mahakama mjini Charlotte ilimtoza faini ya dola 100,000 na kumweka chini ya uangalizi kwa miaka 2, baada ya yeye kukiri kosa la kuondoa na kuhifadhi hati za siri kinyume cha sheria.

Tuzingatie kilichovunjika hapo. Kila shirika la ujasusi duniani hufahamu kwamba adui anapotafuta mtu wa kumnasa, hutafuta mwenye madeni, mlevi, au mwenye uhusiano ambao hataki ujulikane. Petraeus hakuhitaji kufundishwa hilo. Watumishi aliowaongoza walikuwa wakichunguzwa maisha yao kwa sababu hiyohiyo. Hakukosa elimu. Alikosa kujiona kuwa naye yuko chini ya kanuni alizowasimamia wengine. Mawakili waliokuwa wakiwatetea watumishi wadogo wa Marekani walioshtakiwa kwa kuvujisha siri hawakuchelewa kuuliza kwa nini wateja wao walifungwa jela ilhali jenerali alitozwa faini. Swali hilo lina uzito katika nchi yoyote. Busara ndogo ya mkubwa huwa na mto laini wa kuangukia, na mto huo huwa umeshonwa kwa cheo chake.

Mfano wa pili ni wa zamani zaidi, na ndio unaofundishwa mara nyingi katika siasa za Uingereza. Mwaka 1961 John Profumo, waziri aliyesimamia majeshi ya nchi kavu, alikuwa na uhusiano mfupi na Christine Keeler, msichana wa miaka 19. Bahati mbaya kwake, msichana huyo alifahamiana pia na Yevgeny Ivanov, ofisa wa jeshi la majini katika ubalozi wa Urusi ya Kisovieti jijini London, na hicho kilikuwa kipindi kikali cha Vita Baridi. Uvumi uliposambaa, Profumo alisimama bungeni tarehe 22 Machi 1963 akasema hakukuwa na jambo lolote lisilofaa kati yake na Keeler. Haikupita miezi mitatu akajiuzulu, kwa kuwa ilithibitika kwamba amelidanganya bunge. Waziri mkuu Harold Macmillan, ambaye alimwamini, alidhoofika kisiasa na kuondoka madarakani Oktoba mwaka huohuo kwa sababu za afya. Mwaka uliofuata chama chake kikashindwa uchaguzi.

Jaji Denning alipewa kazi ya kuchunguza mkasa huo, na taarifa yake ya Septemba 1963 haikuona ushahidi kwamba siri za nchi zilivuja. Yaani, kwa upande wa usalama, pengine hakuna kilichoharibika. Kilichomwondoa Profumo ni uongo aliousema bungeni, akiitumia heshima ya mhimili mzima kuwa pazia la aibu ya mtu mmoja. Mawaziri wenzake waliokaa karibu naye siku hiyo waligeuzwa kuwa mashahidi wa jambo la uongo bila ridhaa yao. Hiyo ni gharama ya umma hata kama hakuna senti iliyotoka hazina. Ni haki pia kuongeza kwamba baada ya kujiuzulu hakurudi kugombea wala kulalamika. Alijitolea kwa miongo kadhaa katika taasisi ya kuwahudumia maskini mashariki mwa London, Toynbee Hall, hadi karibu na kifo chake mwaka 2006. Keeler, kwa upande wake, aliishi na kashfa hiyo katika jina lake maisha yote.

Hapa msomaji makini ataniuliza: mbona Wafaransa hawahangaiki na mambo haya? Mbona wao wanajua kutenganisha mtu na ofisi? Mfano unaotajwa daima ni wa François Mitterrand, rais wa Ufaransa kuanzia 1981 hadi 1995, aliyekuwa na familia ya pili na binti aliyezaliwa mwaka 1974. Umma wa Ufaransa ulikuja kuthibitishiwa jambo hilo Novemba 1994, pale gazeti lilipochapisha picha. Wafaransa wengi walishusha mabega, na katika mazishi ya rais mwaka 1996 familia zote mbili zilisimama pamoja. Wanaotaka faragha ya viongozi iheshimiwe huutaja mkasa huu kama kilele cha ustaarabu.

Wanaoutaja hivyo husahau nusu yake ya pili. Familia hiyo ya siri iliishi kwa miaka katika makazi ya serikali na kulindwa na walinzi wanaolipwa na serikali. Si hivyo tu. Kati ya 1983 na 1986, kikosi kilichoundwa katika ikulu ya Élysée kwa jina la kupambana na ugaidi kilisikiliza simu za waandishi wa habari, wanasheria na watu wengine ambao hawakuwa na uhusiano wowote na ugaidi. Mmoja wao alikuwa mwandishi wa vitabu Jean-Edern Hallier, aliyetishia kufichua habari za binti huyo. Kesi ilipomalizika Paris Novemba 2005, mahakama iliwatia hatiani wasaidizi kadhaa wa zamani wa rais na kueleza kwamba ulinzi wa maisha ya siri ya Mitterrand ulikuwa miongoni mwa sababu za uvunjaji huo wa sheria. Kwa hiyo hata katika nchi inayojisifu kwa kutojali kitanda cha kiongozi, siri ya kitanda hicho ililipiwa kwa nyumba ya umma, walinzi wa umma na simu za raia wasio na hatia. Faragha ya mtu mmoja mkubwa ilinunuliwa kwa kuvunja faragha za watu wengi wadogo.

Turudi Afrika. Mwishoni mwa Oktoba na mwanzoni mwa Novemba 2024 bara zima lilikuwa likirushiana video za Baltasar Ebang Engonga, aliyekuwa mkurugenzi wa shirika la taifa la uchunguzi wa fedha la Guinea ya Ikweta. Vyombo vya habari viliripoti kuwapo kwa mamia ya video akiwa na wanawake mbalimbali, baadhi yao wake wa watu wenye vyeo, na nyingine zilionekana kurekodiwa ofisini kwake. Vijana wetu walimtungia nyimbo na vichekesho, wakamfanya shujaa. Serikali ya Malabo ilitangaza kwamba watumishi watakaobainika kufanya ngono maofisini watachukuliwa hatua, na yeye akaondolewa kazini.

Katika vicheko vile, watu wachache walikumbuka kwamba Engonga alikuwa tayari yumo mahabusu kabla video hazijasambaa, kwa tuhuma za kuiba fedha za umma. Mkuu wa chombo kilichopaswa kuwakamata wezi alikuwa mwenyewe anashukiwa wizi. Agosti 2025 alihukumiwa kifungo cha miaka 8 pamoja na faini, yeye na maofisa wenzake, kwa kujipatia fedha kupitia posho za safari. Hilo ndilo lililokuwa jambo la umma, na halikupata hata sehemu ndogo ya watazamaji waliopatikana na video. Wanawake walioonekana humo hawakushtakiwa kwa lolote, lakini nyuso zao zilizunguka kutoka Malabo hadi Mwanza bila ridhaa yao. Wengine walikuwa na watoto wanaokwenda shule. Tulipokuwa tukicheka, tulikuwa tukiwaadhibu wasio na ofisi kwa niaba ya mwenye ofisi.

Nimezieleza habari za mbali kwa makusudi, kwa sababu za karibu tunazijua sote na hatuzisemi. Hapa kwetu tuna msamiati tajiri kwa jambo hili: hawara, kimada, mchepuko, nyumba ndogo. Utajiri wa msamiati haujazaa mjadala. Tunazo kampeni za afya zilizowaonya wananchi wa kawaida wabaki njia kuu, na ile ya Fataki iliyowafichua wanaume wazima wanaowawinda wasichana wadogo kwa fedha zao, hata jina Fataki likaingia katika lugha ya mitaani. Kampeni hizo zilimlenga mwananchi. Hatujawahi kuwa na mazungumzo ya namna hiyo kuhusu mwenye kiti cha kuzunguka na saini ya kuidhinisha malipo.

Nani hulipa ankara hiyo katika ofisi zetu? Hulipa dereva anayeamriwa kumsubiri bosi nje ya nyumba fulani hadi usiku wa manane, kisha akaandika katika daftari la safari za gari kwamba walikwenda kukagua mradi. Hulipa katibu muhtasi anayepigiwa simu na mke wa bosi na kutakiwa kusema mkubwa yuko kikaoni. Hulipa mhasibu anayeletewa dokezo la masurufu ya safari ya siku tano kwa kazi ya siku mbili, likiwa na jina la mtu ambaye hana jukumu katika safari hiyo. Hulipa ofisa utumishi anayelazimishwa kumthibitisha kazini mtu asiye na sifa, na hulipa yule mwenye sifa aliyekosa nafasi. Hulipa zaidi ya wote mtumishi mdogo wa kike aliyesema hapana, akapata barua ya uhamisho wiki mbili baadaye. Hawa ndio walipa kodi wa siri za wakubwa, na hakuna anayewatolea risiti.

Sheria zetu zinalijua tatizo hili zaidi ya tunavyokiri. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya Tanzania ya mwaka 2007, katika kifungu cha 25, inamtia hatiani mwenye mamlaka anayedai ngono kama sharti la kutoa ajira, cheo, haki au upendeleo wowote. Adhabu iliyoandikwa humo wakati ilipotungwa, faini isiyozidi shilingi milioni 5 au kifungo kisichozidi miaka 3 au vyote viwili, inaonyesha jinsi watunga sheria walivyolipima kosa hilo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Sura ya Sita, imekwenda hatua zaidi. Ibara ya 75 inamtaka ofisa wa dola aepuke mgongano wa maslahi na aepuke kuidhalilisha ofisi yake katika maisha ya kikazi, katika maisha yake binafsi na katika ushirika wake na watu wengine. Waliyoiandika hawakukusudia kuwa polisi wa ndoa. Walifahamu kwamba mlango wa nyumbani wa kiongozi na mlango wa ofisi yake vina ufunguo mmoja.

Kuna pengo moja ambalo ningependa wanafunzi wa sheria na utawala walifanyie kazi. Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya Tanzania ya mwaka 1995 inamtaka kiongozi atangaze mali na madeni yake, ya mwenzi wake wa ndoa, na ya watoto wake walio chini ya miaka 18 ambao hawajaoa au kuolewa. Hawara hayumo katika fomu hiyo. Kiwanja kikiandikwa kwa jina la mke, kinapaswa kuonekana kwenye tamko. Kikiandikwa kwa jina la nyumba ndogo, hakionekani. Kampuni ya mke ikipewa zabuni na wizara ya mume, mgongano wa maslahi unajulikana kwa wote. Kampuni ya hawara ikipewa zabuni hiyohiyo, majina hayafanani, anwani hazifanani, na mkaguzi hana mahali pa kuanzia. Usiri wa mapenzi hapo unakuwa usiri wa mali.

Hoja hii inanisaidia pia kujibu pingamizi ambalo kwetu ni la msingi. Mtu anaweza kusema kwamba kipimo hiki kimeazimwa Ulaya, kwa watu wa ndoa ya mke mmoja, na hakitufai sisi ambao sheria yetu, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inatambua ndoa ya wake wengi. Naona kinyume chake. Mke wa pili anajulikana. Ameolewa mbele ya mashahidi, ana haki zake, mali zake zinaingia katika tamko la mumewe, na ndugu zake wakiomba kazi katika ofisi ya shemeji yao kila mtu anajua wao ni nani. Jamii zilizoruhusu wake wengi ziliambatanisha ruhusa hiyo na wajibu wa kuwa wazi na wa kubeba gharama. Hawara wa mkubwa ni mtu aliyewekwa nje ya wajibu huo: yeye mwenyewe hana ulinzi, na umma hauna taarifa. Kwa hiyo kipimo cha uwazi na gharama kinatufaa vizuri, kwa Mwislamu, kwa Mkristo na kwa asiye na dini. Tena sheria hiyohiyo ya ndoa inauchukulia ugoni kuwa jambo la madai, ambapo mwenzi aliyekosewa anaweza kwenda mahakamani kudai fidia. Tuwaachie wanandoa kesi yao. Umma una kesi yake.

Sisi wa vyuo vikuu hatuna ruhusa ya kuzungumza haya tukiwa tumekunja nne. Wahadhiri wamefikishwa mahakamani kwa rushwa ya ngono, na kila anayefundisha anajua kwamba kesi zilizofika huko ni chache kuliko minong'ono iliyopo kwenye korido. Mwalimu anayeshika alama za mwanafunzi ni ofisa wa umma mwenye mamlaka juu ya maisha ya kijana, na anapoanzisha uhusiano na mwanafunzi anayemsahihishia mtihani, neno ridhaa linapoteza sehemu kubwa ya maana yake. Mwanafunzi anayejifunza chuoni kwamba alama zina njia ya mkato atakwenda nalo somo hilo wizarani. Nasi tutashangaa baadaye viongozi hawa wametoka wapi.

Nina hofu moja kuhusu hoja yangu mwenyewe, na afadhali niiseme. Kipimo chochote cha maadili ya faragha kinaweza kugeuzwa kuwa silaha. Mshindani wa kisiasa anaweza kumwaga uvumi. Mtu mwenye kompyuta anaweza siku hizi kutengeneza picha ya jambo ambalo halikutokea. Na ile methali yetu ya lisemwalo lipo, kama halipo laja, imekwisha kuwaangamiza watu wasio na hatia. Wanaoumia zaidi ni wanawake. Mwanamume akiteuliwa kushika nafasi ya juu, tunauliza amesomea wapi. Mwanamke akiteuliwa, kijiwe kinauliza amepitia kwa nani. Swali hilo la pili ni dhuluma, na wengi wenye uwezo wamekataa kuingia katika siasa kwa kuliogopa.

Ndiyo maana nasisitiza gharama badala ya kitanda. Gharama huacha karatasi. Gari la serikali lina daftari lake. Masurufu yana dokezo, hati ya malipo na marejesho. Ajira ina tangazo na orodha ya waliosailiwa. Zabuni ina kumbukumbu za kamati. Kauli ya bungeni imo katika kumbukumbu rasmi. Mwanaharakati au mwandishi anayetaka kumwajibisha mkubwa hahitaji picha hata moja ya faraghani, na kama hiyo picha ndiyo ushahidi wake pekee, basi hana jambo la umma mkononi. Ana umbea, na akiisambaza anaweza kuwa yeye ndiye mtenda kosa. Kama ana karatasi, hahitaji picha.

Tukipata habari ya namna hii tena, na tutaipata, tujizoeze kuuliza maswali manne kabla ya kucheka au kulaani. Je, aliyehusika yuko chini ya mamlaka ya mkubwa huyo, kiasi kwamba kukataa kungemgharimu? Je, kuna fedha, mali, nafasi au siri ya umma iliyotumika? Je, mkubwa huyo aliudanganya umma, bunge au chombo cha uchunguzi? Je, siri hiyo ilimweka mahali ambapo mtu mwingine angeweza kumshurutisha katika maamuzi ya kazi? Majibu yote yakiwa hapana, tumwache na mkewe, na dini yake, na dhamiri yake. Jibu moja likiwa ndiyo, kusema "ni mambo binafsi" ni kumsaidia kuficha.

Kwa watumishi wa umma wanaonisoma, hasa wa madaraja ya chini, najua kwamba ushauri wa kishujaa ni rahisi kwa asiye na bosi wa kumwogopa. Kwa hiyo nawaomba jambo dogo. Usiandike safari ambayo haikufanyika. Ukilazimishwa, omba maelekezo kwa maandishi. Wengi wa wanaolazimisha huishia hapo, kwa kuwa wanaoishi kwa siri huogopa kalamu. Tunza nakala. Dada uliyepewa uhamisho wa adhabu, weka tarehe za kila kilichotangulia, kwani mahakama na TAKUKURU husikiliza tarehe zaidi ya machozi. Nanyi wakubwa mnaosoma mkiwa mmefunga mlango, kumbukeni kwamba madaftari ya Petraeus yalikuwa katika mikono ya mtu aliyemwamini kabisa, na kwamba hapo nje ya mlango wenu yuko dereva anayejua kila nyumba mliyokwenda.